Nilivyoliachia Gauni la Dada

Mteja akisimama mbele yangu na futi ikiwa imezunguka kiuno chake, simtajii namba. Ndivyo nilivyofundishwa ufundi, na ndivyo wanavyofanya mafundi wengi ninaowajua hapa Mirongo, Mwanza. Unasoma kimoyomoyo, unaandika, unageuza daftari. Akiuliza kama amenenepa, jibu ni moja tu: "Kawaida." Mwambie mwanamke kiuno chake kimeongezeka inchi tatu, wiki ijayo utamkuta kwa fundi wa jirani. Mimi ni mkali wa maneno, sifichi. Nitakugombeza kwa kuchelewa, nitakugombeza kwa kitambaa kibovu ulichoniletea, na bado utarudi. Ila nikifika kwenye kiuno cha mtu nalainika. Nimesema "kawaida" miaka na miaka bila kuona ubaya wake, mpaka ubaya huo ulipomkuta mtoto wa mama yangu.

Dada yangu amenizidi miaka minne. Ni mwalimu wa shule ya msingi huko Nansio, kisiwani ng'ambo ya ziwa, tulikozaliwa. Tulikuwa wawili tu, na tangu tukiwa wadogo ukoo ulikwisha kutugawana. Dada alikuwa wa mama: mabega mapana, nyonga, mikono iliyojaa, mwendo wa taratibu. Mimi nilikuwa wa baba, na shangazi alipenda kusema kwamba miguu yangu ingefaa kupikwa supu. Hapakuwa na chuki katika maneno hayo. Lakini mgawo huo ulifika mpaka kwenye sinia. Mama alipokuwa akigawa ugali wa muhogo, alimmegea dada kipande kikubwa, akisema mwili wake unadai. Mimi nilimegewa kidogo, ila nikitaka kuongeza hakuna aliyenizuia, nile sukari, nile mafuta, nile nilichotaka, kwa sababu chakula kwenye mwili wa baba hakionekani kinakwenda wapi.

Basi tukakua hivyo. Dada alijua kwamba lazima ale kwa sababu ya umbo lake, na mimi nilijua kwamba naweza kula chochote kwa sababu ya umbo langu. Hatukuwahi kulijadili. Nani anajadili rangi ya macho yake?

Mama alianguka asubuhi moja akianika muhogo uani. Mdomo ukapinda, maneno yakawa hayaeleweki, na siku ya tatu tukawa hatuna mama. Msibani watu walisema yaleyale tuliyozoea kuyasikia: mwili wake ulikuwa mkubwa, kwao ndivyo walivyo, ni wa kuzaliwa nao. Vidonge vyake vya presha vilikuwa kwenye kopo la majani ya chai, vimejaa, hajavigusa kwa muda mrefu. Niliviona mimi na dada, tukatazamana, tukafunika kopo.

Kwa ajili ya siku ya kumaliza msiba tulinunua kitenge kimoja cha kahawia chenye majani ya njano, nikashona magauni mawili. Tulitaka watu watuone tumetoka kwenye tumbo moja. Nilimpima dada sebuleni kwa mama, viti vikiwa bado vimepangwa ukutani kama msiba ulivyoviacha. Kiuno chake kilikuwa thelathini na nane. Niliandika, nikageuza daftari, hata kwa dada yangu. La kwangu nilikata bila kujipima, kwa kipimo cha thelathini nilichokuwa nacho tangu usichana. Fundi anajipimia nini?

Gauni lile dada alilipenda kupita nguo zake zote. Alilivaa kanisani, alilivaa kwenye harusi, alilivaa kila mwaka siku ya kumkumbuka mama. Na kila likizo alipovuka kuja Mwanza aliniletea mfuko wa nguo za kurekebisha, nalo likiwamo. Mwaka wa kwanza nilikuta mshono wa ubavuni umeanza kuachana. Alisema ni uzi mbovu, akacheka, akanitania kwamba siku hizi nashona kwa haraka. Nami nilijua uzi wangu. Nikageuza gauni, nikaachia mshono nusu inchi kila upande ili lipanuke, nikapiga pasi, nikamrudishia. Akalivaa, akajigeuzageuza mbele ya kioo.

"Unaona? Mwili wangu ni uleule," alisema.

Nikamwambia kawaida.

Nataka nieleweke hapa, maana nimejiuliza mara nyingi. Sikufanya vile kwa uvivu wala kwa kumdharau. Nilimpenda. Alikuwa ameachwa na mume miaka ile, na mume huyo aliondoka akiwa amesema maneno kuhusu mwili wake ambayo sitayaandika. Nilitaka awe na nguo moja duniani isiyomsema. Likizo iliyofuata nikaachia tena. Iliyofuata tena nikaachia hadi kitambaa cha ndani kikaisha, mshono ukawa umekaa ukingoni kabisa.

Mara ya nne gauni halikuwa na cha kuachia. Kitenge kile kilikwisha kutoweka madukani zamani. Nilikaa na gauni mapajani, dada yuko sokoni anatafuta sato, na nikafanya jambo ambalo hata leo nikilikumbuka naona aibu usoni. Nilitoa gauni langu sandukuni. Nikakata vipande viwili virefu, kimoja kila ubavu, kutoka kwapani hadi kwenye pindo. Nikavipandikiza kwenye la dada, majani ya njano yakakutana na majani ya njano, na kazi ikawa nzuri kiasi kwamba mwenyewe nilikitafuta kiungo nikakikosa. La kwangu nililikunja na mashimo yake nikalirudisha chini ya sanduku. Dada aliponiuliza mbona silivai siku hizi, nilisema liliingiwa na panya.

Miaka miwili baada ya hapo magoti yake yakaanza kumuuma. Anasimama darasani kutwa nzima, akifika nyumbani hawezi kuinama kuwasha jiko. Nikamvusha, nikampeleka hospitali. Presha ilikuwa juu. Daktari akampa dawa, akamwambia apunguze mafuta ya mwilini, akatuelekeza kwa mtu wa lishe, chumba cha mwisho kwenye korido. Alikuwa binti mdogo kwetu, alitupa shikamoo kwanza kabla ya kuvuta faili.

Dada hakukataa dawa. Alichokataa ni kupunguza mwili. Alimweleza binti yule kwa utulivu, kama anavyoeleza mzazi wa mwanafunzi, kwamba kuna watu wa umbo nene na watu wa umbo jembamba, na kila umbo lina chakula chake. Alisema amesoma kwenye simu kwamba watu huangaliwa umbo kwanza, halafu ndipo wapangiwe mlo. Yeye ni umbo la mama yake. Akila chakula cha mdogo wake ataugua.

Binti alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema maneno ambayo nayakumbuka vizuri, kwa sababu yalinipita bila kunigusa siku ile, nikiamini hayanihusu.

"Mama, umbo la kuzaliwa nalo lipo, silikatai. Mifupa, nyonga, mahali mafuta yanapopenda kukaa. Lakini kupungua hakuna njia ya wanene na njia ya wembamba. Wote mtapungua pale mtakapokula pungufu ya kile mwili unachotumia, na mkaendelea hivyo siku nyingi. Nitakupangia kwa kuangalia presha yako, dawa zako, magoti yako, kazi yako na vyakula unavyovipenda. Umbo linamsaidia fundi wa nguo."

Akaniangalia kidogo, akaongeza kwamba hata mtu mwembamba wa mikono na miguu anaweza kubeba mafuta tumboni, na asijidanganye. Nikatabasamu. Nilikuwa nimevaa dera, nguo ambayo haisemi chochote.

Dada akasema: "Mwanangu, mimi sijanenepa. Nina gauni tulilolishona mama alipofariki. Ni miaka sita sasa, na bado linanitosha."

Binti hakuwahi kuliona gauni hilo. Atajuaje? Alinitazama mimi, ndugu wa mgonjwa, kama vile kuniuliza ni kweli. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema, fupi, na ilikuwa imefika kwenye ulimi. Nikajikohoza. Nikasema gauni lipo, ni kweli.

Tulirudi nyumbani. Wiki mbili alizokaa kwangu nilipika vyungu viwili, cha mwili wa mama na cha mwili wa baba. Chake nilikijaza, maana aliomba, na mimi niliyekuwa najua ukweli ndimi niliyekuwa nashika mwiko. Halafu akarudi Nansio na mfuko wake wa nguo.

Muhula haukuisha. Alikuwa darasani, ameshika daftari la mwanafunzi kwa mkono wa kushoto, likamponyoka. Akaliokota, likamponyoka tena. Watoto walicheka kwanza, wakidhani mwalimu anawachekesha. Nilipopata habari alikuwa tayari kwenye meli na walimu wenzake wawili, na mimi nilisimama bandarini nisijue nitampokea akiwa hivi au akiwa vile. Nilimwomba Mungu kwa sauti, watu wakinitazama. Nilisema nipe nafasi ya kumwambia, basi.

Alishuka akiwa hai, anaongea, mdomo sawa. Mkono wa kushoto ndio ulikuwa umelala. Alilazwa, akaruhusiwa, nikamchukua kwangu. Madaktari walituambia hilo lilikuwa onyo, na kwamba presha na uzito vikibaki vilivyo, la pili huenda lisimwonee huruma.

Siku ya tatu tangu atoke hospitali tulikaa barazani mchana nikimchambulia mchicha. Akasema haelewi. Mama alikuwa amejiachia, sawa, lakini yeye mwili wake haujabadilika, ushahidi anao. Akaanza tena habari ya gauni.

Sikumwacha amalize. Niliinuka nikaenda chumbani, nikavuta sanduku, nikarudi na gauni langu nikaliweka mapajani pake. Alilifungua kwa mkono mmoja. Halikufunguka kama nguo, lilifunguka vipande, mbele peke yake na nyuma peke yake, limeshikana mabegani tu. Akaingiza mkono wa kulia kwenye ubavu uliokatwa, mkono ukatokea upande wa pili. Akalitazama lake lililokuwa limetundikwa kwenye kamba ya nguo. Akarudisha macho.

"Mara ngapi?" aliuliza.

Nikamwambia nimeachia mara tatu na kukata mara moja.

Nilijiandaa kwa kila kitu: kutukanwa, kupigwa na kile kikapu cha mchicha, kulia. Alilikunja gauni langu kwa mkono mmoja, kuku wa jirani wakiingia na kutoka. Kisha akasema taratibu:

"Kule kwa yule binti ulikuwepo. Nilisema mbele yako."

Nilipiga magoti nikaomba radhi, akaniambia niinuke nitachafua nguo. Tangu siku hiyo akawa ananiita fundi. Fundi, nipe maji. Fundi, nisaidie kufunga vifungo. Mimi ambaye maisha yote aliniita "mdogo wangu"! Liliniuma kuliko tusi, na sikuwa na haki ya kulalamika.

Akaitoa kwenye pochi karatasi ya mlo aliyoandikiwa na yule mtu wa lishe, akaibandika ukutani. Ugali wa ukubwa wa ngumi yake. Nusu ya sahani mboga, matembele, mchicha, kisamvu kisicho na tui. Sato wa kuchemsha badala ya wa kuzamishwa kwenye mafuta. Chumvi kidogo. Dawa kila siku, saa ileile. Na kutembea, mwanzo mpaka kwenye kona, halafu mpaka darajani, halafu mpaka ziwani na kurudi, mimi nikimfuata nyuma kwa hatua tatu kama nimekodiwa. Alikuwa hali chochote ambacho hakipendi, hilo lazima niliseme. Alichagua vyakula vyetu vilevile vya Nansio, akavipunguza. Alisema mwalimu hawezi kufuata somo asiloweza kulirudia kesho.

Siku za mwanzo aliniambia tule sawa. Nikasema mimi ni mwili wa baba, sihitaji. Nilikula naye kidogo kwa heshima, kisha kwenye cherehani nikaagiza maandazi na soda, kama nilivyofanya kila siku ya maisha yangu ya kazi. Hakubishana.

Akapungua. Haikuwa haraka, na kuna wiki ambazo hapakuwa na kitu. Lakini shingo ilijitokeza, pete ikaanza kuzunguka kidoleni. Na hapo ndipo nilipojua jinsi neno "kupungua" lilivyo zito kwetu. Huku kando ya ziwa tumezika watu wengi waliopungua kwanza. Mtu akikwambia umenenepa amekutakia heri. Akikwambia umepungua amekuja na pole. Majirani walianza kuingia na maziwa, na mayai, na uji wa ulezi wenye siagi juu. Mama mmoja alilia kabisa mlangoni. Dada aliwapokea wote, akawashukuru, akawaambia, "Nilitaka mwenyewe, nami sijafika ninapotaka." Walipoondoka alinipa uji ule niunywe. Na mimi niliunywa, kwa nini uharibike?

Karibu mwaka ulipita. Presha ilishuka, daktari akapunguza dawa moja. Mkono ulirudi nusu, unaweza kushika kitu chepesi lakini hauwezi kukivuta. Ikabaki wiki moja kabla ya siku ya kumkumbuka mama, na dada akaja kwenye kibanda changu cha kazi asubuhi, amebeba gauni lake begani.

"Fumua vyako," alisema.

Nikafumua. Nilifumua polepole kwa wembe, uzi kwa uzi, kwa sababu sikutaka kukijeruhi kitambaa. Vipande vikatoka, viwili, majani yake yakiwa yamepauka kuliko yale ya gauni langu lililokaa gizani. Nikaunga ubavu wa gauni lake bila vipande vile. Akalivaa palepale nyuma ya pazia, likamkaa. Halikuwa lile la siku ya msiba, mishono ya ndani ilikuwa bado imeachiwa yote, na nilipotaka kusema kwamba limerudi kama zamani nilijizuia. Nilimzungushia futi kiunoni, nikamtajia namba, kwa sauti. Arobaini na moja. Akaitikia kwa kichwa.

Kisha akataka nirudishe vipande kwenye gauni langu. Nikavirudisha, mchana kutwa, yeye ameketi kwenye kiti cha wateja. Nilikuwa na furaha, nisidanganye. Niliwaza tutakavyosimama kaburini kwa mama, majani ya njano mawili, nami nitakuwa nimesamehewa. Nilipomaliza nikavua dera nyuma ya pazia nikalivaa.

Mabega yaliingia. Mikono iliingia. Kiunoni halikufunga. Nikavuta pumzi, halikufunga. Kati ya upande mmoja wa zipu na mwingine palikuwa na nafasi ya kiganja kizima, na ndani ya nafasi hiyo lilikuwa tumbo langu, ambalo mikono yangu myembamba na miguu yangu ya supu ilikuwa imelificha kwa miaka mingi, hata kwangu mwenyewe. Nikasema pazia likiwa limefungwa kwamba nadhani mishono imekula kitambaa kidogo.

Dada alifungua pazia. Hakucheka. Alichukua futi yangu mezani.

"Shika ncha hiyo," alisema. "Mkono wangu huu hauvuti."

Nikashika ncha moja kwenye kitovu. Yeye akaizungusha nyingine mgongoni kwangu kwa mkono wake mzima, polepole, akija kunikuta mbele. Sikuwahi kupimwa tangu niwe mtu mzima. Nilisikia baridi ya futi kwenye ngozi, nikajikaza.

"Usivute tumbo, mdogo wangu."

Nikaliachia. Machozi yalinitoka kwa lile jina, na nilikuwa bado nalia aliposogeza uso karibu na futi, akasoma kwa sauti ya darasani, ile ambayo hata aliyekaa nyuma kabisa anaisikia.

"Thelathini na nane."

Tulitazamana. Ilikuwa namba yake, ile niliyoiandika sebuleni kwa mama na kugeuza daftari. Nikafungua mdomo. Nilichotaka kusema nadhani mnakijua, ni neno moja, nimelisema maisha yangu yote.

Dada akalifungua daftari, akalisogeza mbele yangu, akanipa kalamu.

"Andika," alisema. "Halafu uliache wazi."